Oksijeni ya Msituni Haishushi Presha

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Nina miaka 54, ni mhasibu, naishi Kasarani, Nairobi. Natumia amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 5, huu mwaka wa sita. Tangu mwanzo wa mwaka nimekuwa nikienda msitu wa Karura kila Jumamosi asubuhi na kikundi kinachoongozwa na mtaalamu wa tiba ya msitu. Anatufundisha kwamba oksijeni nyingi ya msituni husafisha damu na kufungua mishipa, na kwamba baada ya wiki nane mtu anaweza kuacha dawa. Hutupima langoni tukifika, kisha hutupima tena mwishoni, na kweli presha hushuka: Jumamosi iliyopita nilitoka 158/96 nikafika 136/84. Hutupa pia gome la muthiga tutafune. Niliacha vidonge siku tisa zilizopita. Siku ya tatu nilijipima nikapata 132/82, nikafurahi. Jana usiku kichwa kiliniuma, na mashine ikasoma 162/98. Mtaalamu anasema hizo ni sumu zinatoka, na ameniuzia chupa ya mafuta ya msitu ninuse siku ambazo siendi Karura. Je, nikae msituni saa ngapi ili oksijeni ifanye kazi yake? Na mbona usingizi wangu umekuwa mzuri tangu nianze? Si dalili kwamba napona?

JIBU: Ndugu yangu, meza kidonge chako leo kama ulivyoandikiwa, na kesho asubuhi uwe kliniki. Kama kabla ya hapo kichwa kitakuuma kupita kiasi, macho yataona ukungu, kifua kitabana, ulimi utakuwa mzito au upande mmoja wa mwili utalegea, usingoje asubuhi. Nenda hospitali saa ileile. Ukishameza, rudi tuzungumze.

Hili la oksijeni nalisikia karibu kila wiki, na wanaoniambia ni watu waliosoma. Hewa unayopumua ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ndivyo ilivyo chini ya miti ya Karura, ndivyo ilivyo katikati ya barabara ya Thika jioni magari yakiwa yamekwama. Hewa haikai mahali pamoja kama maji ya mtungi. Upepo huichanganya usiku na mchana. Miti yenyewe hupumua pia, na majani yaliyoanguka yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia oksijeni. Msitu uliokomaa hula karibu yote unayoitengeneza. Tofauti ya hewa ya Karura na ya barabarani ipo, tena ni kubwa, lakini ni ya moshi na vumbi. Umeepuka moshi wa dizeli kwa saa mbili. Hiyo ni faida ya kweli, na ilitosha kusemwa hivyo bila kuongezewa chumvi.

Fikiria jambo lingine. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi, na kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na mtu aliyeketi Mombasa ufukweni. Kama oksijeni ingekuwa ndiyo dawa ya presha, watu wa Pwani wasingeijua presha. Wanaijua sana. Halafu damu ya mtu mwenye mapafu mazima tayari imebeba zaidi ya asilimia 90 ya oksijeni inayoweza kuibeba, kwa hiyo hakuna nafasi kubwa ya kuongeza. Na hata ikiongezwa, haifungui mishipa. Mgonjwa tunayempa oksijeni ya mtungi wodini hupata nyingi kuliko ya msitu wowote duniani, na ikizidi mahitaji yake, mishipa mingi hubana. Mtaalamu wako amelisema jambo kinyume kabisa cha lilivyo.

Sasa vipimo vyake, maana najua ndivyo vilivyokushawishi. Umeshuka kwenye matatu, umetembea haraka kuwahi kikundi, unasalimiana na wenzako, pengine umekunywa kahawa nyumbani na kibofu kimejaa. Unapimwa papo hapo umesimama, mkono unaning'inia. Kila kimojawapo cha hivyo kinaweza kupandisha namba. Saa mbili baadaye umetembea, umeketi, umetulia, na mishipa imelegea, kwa sababu baada ya mazoezi presha hubaki chini kwa saa kadhaa. Namba lazima zipishane. Kupima sawasawa ni kuketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla yake. Ukipima hivyo asubuhi na jioni kwa wiki nzima, nyumbani, ndipo utakapoijua presha yako. Kipimo cha langoni na kipimo cha baada ya matembezi si kitu kimoja cha kulinganishwa.

Ile 132/82 ya siku ya tatu inanikera zaidi, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi. Amlodipini hutoka mwilini polepole. Huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, kisha muda kama huo tena kupungua nusu ya iliyobaki. Siku ya tatu bado ulikuwa na karibu theluthi yake ndani ya damu. Presha iliyokufurahisha ilikuwa kazi ya kidonge ulichokuwa umekiacha! Kufikia siku ya tisa dawa imekwisha, na presha imerudi ilikokuwa kabla hujaanza kutibiwa. Hakuna sumu iliyotoka. Ini na figo zako hutoa taka kila saa bila kukupandisha presha wala kukuumiza kichwa. Mtu anayekwambia kuzidiwa ni dalili ya kupona amejiwekea mlango wa kutokea: ukipata nafuu ni sifa yake, ukizidiwa pia ni sifa yake.

Usingizi wako mzuri nauamini, na sitaki uupoteze. Unaamka mapema, unapata mwanga wa asubuhi unaoipanga saa ya mwili, unatembea kwa muda mrefu, na unakaa mbali na hesabu za watu. Wewe ni mhasibu. Siku tano kwa wiki unaulazimisha ubongo ushike namba na kufukuza kila kinachouvuta pembeni. Stephen na Rachel Kaplan, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba umakini wa namna hiyo huchoka kama msuli, na kwamba hupumzika pale akili inapovutwa taratibu na kitu kisichodai jibu: majani yanayotikisika, mlio wa ndege, maji ya kijito. Karura ina vyote hivyo, na hekta 1,041 za kuvitafuta. Lakini ukikaa chini ya mti ukisoma ujumbe wa kazi kwenye simu, umehamisha ofisi tu.

Ushahidi nao upo. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuhimiza watu wafanye shinrin-yoku, yaani kuoga msitu kama mtu anavyoota jua. Baadaye watafiti wa huko walipeleka vijana wa kiume wenye afya kwenye misitu 24, na siku nyingine wakawapeleka mjini. Wakiwa msituni mapigo ya moyo yalikuwa machache zaidi, presha ilikuwa chini kidogo, na kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ilipungua mateni. Narudia: vijana wenye afya, na kushuka kwenyewe kulikuwa kwa kiasi kidogo, siku ileile. Huwezi kuchukua matokeo yao ukamwambia mtu wa miaka 54 mwenye presha ya miaka sita atupe vidonge.

Uliuliza saa ngapi. Uingereza, mwaka 2019, watafiti walichapisha majibu ya karibu watu 20,000. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, na haikujalisha kama muda huo ulikuwa wa siku moja au umegawanywa. Ni utafiti wa kuhoji, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba ni miti iliyowapa afya. Huenda wenye afya ndio wanaotoka. Hata hivyo saa mbili kwa wiki ni kipimo ninachowapa wagonjwa wangu bila wasiwasi. Na usingoje Jumamosi peke yake. Pale ulipo pakiwa na miti kumi nyuma ya kanisa au kando ya shule, nusu saa ya jioni hapo inahesabiwa. Msitu wa karibu unaoutembelea kila wiki una faida kuliko safari ya Kakamega ya mara moja kwa mwaka.

Chupa ya mafuta siijui ina nini, na wewe pia huijui. Kuna utafiti wa Japani kuhusu harufu za misindano na jamii yake na chembe za kinga mwilini, na wauzaji wameudaka wakaufanya tangazo. Hautoi ruhusa ya kumnusisha mtu chupa isiyoandikwa kilichomo badala ya kumtibu presha. Vivyo hivyo gome. Muthiga una ukali wa kweli na wazee wameutumia kwa kikohozi na jino tangu zamani. Lakini gome linalotafunwa halina kipimo, na hakuna anayejua linavyoingiliana na dawa yako. Tena mti ukimenywa gome kuzunguka shina, hufa. Kutoa gome Karura bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya ni kosa kwa sheria ya misitu ya 2016. Nina umri wa kukumbuka Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipopigwa na kujeruhiwa kwenye msitu huohuo kwa sababu ya kujaribu kupanda mti mahali palipokuwa pamegawiwa watu wajenge. Kuona leo mtu anaimenya miti hiyo kwa kisingizio cha afya kunaniuma.

Siandiki kwa ajili yako peke yako. Mwezi uliopita wanawe walimleta mama wa miaka 61, mkono na mguu wa kulia haviinuki, maneno hayatoki. Alikuwa ameacha atenololi, dawa nyingine ya presha, ghafla kwa ushauri wa mtu wa mitishamba. Atenololi ikikatwa hivyo, moyo hurudi kwa kasi kuliko mwanzo. Hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi. Wengine huacha dawa za kifafa, wengine insulini, wengine dawa za sonona, kila mmoja akiahidiwa kitu cha asili kitakachoziba pengo. Leo ni msitu, kesho ni maji ya ndimu, keshokutwa ni kufunga siku arobaini. Anayekuza afya yako kwa dhati atakwambia ongeza hili juu ya dawa. Akikwambia acha dawa kwanza, au akakukataza kumwambia daktari wako, au akawa yeye ndiye anayekupima na yeye ndiye anayekuuzia, ondoka. Na ninyi mnaoongoza vikundi vya matembezi kwa nia njema, wapo wengi na nawashukuru, msikubali mtu asimame mbele ya kikundi chenu na mkanda wa presha mkononi akitoa ruhusa ambayo hana.

Dawa hupunguzwa, hilo lipo. Nimewapunguzia wagonjwa dozi, na wachache nimewaondolea kabisa, baada ya miezi ya kutembea dakika 150 kwa wiki, kupunguza uzito, kupunguza pombe, na kushusha chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Tuliamua kwa daftari la vipimo vya nyumbani, tukishuka taratibu, tukipima figo na moyo. Matembezi yako ya Karura yanaweza kuwa mwanzo wa safari hiyo.

Kesho beba kliniki chupa ya mafuta, gome lililobaki na mashine yako ili ilinganishwe na ya kliniki. Mwambie daktari wako ukweli wote, siku tisa zote. Hatakugombeza, na akikugombeza mwache amalize kisha mwendelee. Jumamosi nenda Karura na mkeo au rafiki, simu ikiwa imezimwa mfukoni, na kidonge cha siku hiyo uwe umekimeza kabla hujatoka nyumbani.