Bahari ya kwenye picha ni ya maji kujaa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama likizo ya kwenye kanyumba ka pwani, mahali pasipo hoteli wala muziki wala watu, ni mapumziko kweli au ni kwenda kuboreka mbali na nyumbani. Mi nasema vyote viwili, ila vinakuja kwa zamu, na kuboreka ndo kunatangulia.

Tulienda mi na wifi yangu, wawili tu, watoto tukawaachia baba zao, wiki nzima. Tangazo lilisema hatua hamsini hadi baharini na picha ilionyesha maji ya bluu yamekaribia kabisa ngazi za baraza. Tukafika saa nne asubuhi, mifupa inauma kwa ile barabara, wifi hata begi hajatua kashakimbilia upande wa bahari, afu kimya, afu nasikia, "Wifi! Wifi njoo, hivi bahari iko wapi?" Aisee. Mchanga, mwani, mawe, vidimbwi, mchanga tena, na huko mwishoooo kabisa kamstari keupe ka mawimbi kama mtu kachora na chaki. Mzee anayetunza nyumba alikuwa anafagia baraza, wala hakuinua kichwa, akasema, "Yatarudi wanangu, mmekuja na bamvua."

Basi somo la kwanza hilo, na natamani ningelijua kabla sijalipa. Kila tangazo la nyumba ya pwani linapigwa picha maji yamejaa. Sehemu nyingi za dunia maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana kwa sababu mwezi nao unasogea, hausubiri. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, siku moja mbili baadaye unapata bamvua, yanajaa sana na yanapwa sana. Mwezi ukiwa nusu vinavuta kila kimoja upande wake, hapo ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Kuna mahali hata hulioni hilo, na kuna Ghuba ya Fundy kule Kanada tofauti inafika mita 16, jengo la ghorofa tano hilo! Kwa hiyo ukitaka kuogelea asubuhi angalia jedwali la maji la hiyo wiki kwanza, mvua utaiangalia baadaye.

Siku mbili za mwanzo nisidanganye, tuliboreka. Mtandao unashika ukisimama kwenye kona moja ya baraza na mkono juu, wifi akawa anasimama pale kama mnara, meseji zenyewe za kundi la familia watu wanatumiana maua. Mara ya ishirini kufungua simu mwenyewe unaona aibu.

Siku ya tatu nikakaa mchangani kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Maji yametoka, mchanga bado umelowa, nikaona vidonge vidogo vya mchanga, vidogo kama punje za mtama, maelfu, vimepangwa kama miale kuzunguka katundu. Nikatulia. Baada ya muda katoka kakaa kadogo kuliko kucha yangu ya kidole kidogo, kanaokota mchanga na mikono yote miwili kanapeleka mdomoni, kanachuja chakula, mchanga uliobaki kanaufinyanga kidonge kanautupa nyuma, kamoja, kengine, kengine, na kila kakimaliza mstari kanarudi mlangoni kanaanza mwingine. Nikikohoa tu kametumbukia. Niliangalia mpaka maji yakaja yakafuta kazi yote, na nilipoinuka mguu umekufa ganzi, sijui saa ngapi imepita, na wifi kasimama nyuma yangu naye anaangalia, hajaniambia kitu.

Sasa mambo ya nyumba, maana wanaosifia pwani hawayasemi. Taulo lililolowa maji ya bahari halikauki, unaanika mchana kutwa usiku ni bichi, kwa sababu chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo lisuuze na maji ya kawaida kwanza. Kufuli liligoma siku ya pili, likapakwa mafuta. Dirisha la kulala nalo lichagueni kwa akili, mchana nchi kavu inapata joto haraka upepo unatoka baharini, usiku inageuka unatoka bara, na pale katikati jioni upepo unaposimama kabisa ndo saa ya mbu, kaeni ndani ya neti hiyo nusu saa msijifanye mnaangalia machweo.

Na kuogelea, hili siwezi kuliruka. Pwani isiyo na watu haina mwokoaji. Ukiona mawimbi yanavunjika huku na huku afu katikati pana njia imetulia, maji yana rangi nyingine, wengi wanadhani hapo ndo salama, kumbe ndo mkondo unaorudi baharini. Ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke ndani yake ndo urudi. Sisi tuliingia mpaka kiunoni tu, basi.

Usiku wa nne giza totoro, kamwezi kembamba kamezama mapema, tukashuka bila tochi. Wifi akakanyaga pale panapolowa na unyayo wake ukawaka, kijani hivi, ukazima. Ni vijidudu vya baharini visivyoonekana kwa macho, vikitikiswa vinatoa mwanga. Mwanamke wa miaka arobaini na tatu akaanza kurukaruka pale kama kapandwa na kitu. Nami nikaruka.

Ile barabara mbovu, mzee alituambia kila mgeni anaondoka anamwambia itengenezwe. Mi nadhani siku ikitengenezwa watu watajaa na wale kaa wadogo watahama.

Siku ya saba gari limekuja saa tatu na nusu, tunapakia, nikageuka. Maji yako karibu na ngazi, ya bluu, yametulia, kama ile picha kabisa, ingawa ni maji mafu hayakugusa majani. Wiki nzima yamekuwa yakichelewa zile dakika 50 mpaka yamefika hapo leo. Wifi kashika begi mlangoni, anaangalia.

"Wifi," akasema, "mwambie dereva anywe maji kwanza."