Uji mkali au uji mchachu?

SWALI: Mimi huuza uji wa wimbi hapa Kondele, Kisumu. Mteja mmoja kutoka Mombasa alinisahihisha nisiseme uji wangu ni mkali, niseme ni mchachu. Lakini kwetu kilichochacha kimeharibika, humwagwa. Neno hili lina maana gani hasa, na limetoka wapi?

JIBU: Dada yangu, mteja wako hakukosea, na wewe una haki ya kusita. Asili yake ni kitenzi kuchacha. Maharagwe yakilala bila kuchemshwa, asubuhi ukifunua sufuria unakuta povu jeupe na harufu inayopanda puani. Yamechacha, ni ya kumwaga. Unga wako wa wimbi uliouloweka siku mbili nao hutoa povu lilo hilo, ila huo umeuchachusha kwa kusudi.

Kitenzi hicho kilizaa kivumishi chenye u mwishoni, kama vile kulegea kulivyozaa -legevu na kutulia -tulivu. Ndiyo maana twasema uji mchachu, maziwa machachu, ndimu chachu. Ndimu haikuchachushwa na mtu, imechumwa mtini. Ladha zilifanana, neno likahamia huko. Chachu pia ni kile kinachoumua unga. Hamira hufanya kazi hiyo, lakini hilo tumelipokea kutoka Kiarabu, khamira, ilhali chachu tumeiunda wenyewe.

Kali lina kazi nyingi mno: kisu, jua, mbwa, pilipili. Ukisema uji ni mkali umetaja nguvu ya ladha, hujataja ladha yenyewe, na mgeni atadhani umetia tangawizi. Wala uchachu si ukakasi, ule wa pera bichi: ulimi hukwaruzika na mdomo hukauka.

Napenda sana maziwa lala, ambayo Wakenya tumeyafupisha kuwa mala. Hapo watu hawakutazama ladha. Walitazama usiku ambao maziwa yalikaa kibuyuni.

Kwenye ubao wako basi andika "uji wa kuchachusha". Ile -sh- inaonyesha kuna mkono uliofanya kazi, na hakuna atakayedhani umeharibika. Ukibaki hadi kesho kutwa ukabadilika harufu, huo ndio useme umechacha.