Kwa nini ghala la baruti lina matundu yaliyopinda

Umeuliza kwa nini matundu ya hewa kwenye ukuta wa ghala kuu la baruti la Priddy's Hard, Gosport (Uingereza, miaka ya 1770), hayatoboki moja kwa moja. Katika maghala ya aina hii tundu huingia ukutani, hukuta kizuizi cha matofali, hugawanyika na kukizunguka, ndipo hutokea ndani. Hewa hupita, cheche, ambayo haikati kona, hunasa humo.

Na hewa lazima ipite, kwa sababu baruti hunyonya unyevu ikashikana mabonge. Mapipa ya pauni 100, kama kilo 45, yaliwekwa juu ya sakafu ya mbao, na misumari na bawaba zilikuwa za shaba, maana chuma kikigonga jiwe hutoa cheche.

Kosa la mafundi wa leo? Kuziba matundu kwa kuogopa panya, kisha kujaza viungo vya matofali kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa: maji hukwama ndani ya tofali, baridi ikiyagandisha uso wake unabanduka vipandevipande. Tumieni chokaa. Panya wawekeeni wavu wa shaba.