Wanga umepunguza, lakini vidonge usiviache

Pole dada. Umeuliza kama uache atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa kuwa umeachana na ugali na wali, na LDL yako (kolesteroli mbaya) kabla ya dawa ilikuwa 5.1 mmol/L. Usiiache. Kupunguza wanga hushusha hasa trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) na kitambi. LDL, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa, ni habari nyingine, na kwa wengine hata hupanda. Ikifika 4.9 kwenda juu, madaktari kwa kawaida hawasubiri lishe peke yake.

Sasa hiyo sahani uliyoieleza: ugali umetoka, imeingia mbuzi ya mafuta, mayai ya samli na mchicha wa tui zito. Hapo ndipo penye kazi. Najua nazi inauma kuiacha (mimi wa Tanga, usiniambie), lakini tui lina mafuta yale yale yanayopandisha LDL. Weka maharage, samaki wa kuchemsha, parachichi.

Pima tena baada ya wiki 6 hadi 12, dawa ukiendelea nayo. Misuli ikiuma sana au mkojo ukawa rangi ya chai, wahi hospitali. Na ukipanga kushika mimba, mwambie daktari mapema.