Bima imo, lakini kioo na matairi ni vyako

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, Desemba naenda Namibia na mchumba wangu. Gari la kukodi nimeshaliona mtandaoni, na kwenye bei wameandika bima imo. Kuna haja ya kuongeza nyingine?" Ujumbe huo umenirudisha kwenye jambo ambalo nilikuwa sipendi kulisimulia.

Mimi na mke wangu tulitua Windhoek mchana tukiwa tumechoka. Uwanja wa Hosea Kutako uko kama kilomita 40 nje ya mji, na tulichotaka ni funguo tu, tuondoke. Dada wa kaunta akaniuliza kama nataka bima ya nyongeza, dola 250 za Namibia kwa siku. Nikamuuliza, kwani bima si imo? Akasema imo, na hakudanganya. Mimi nilielewa bima kubwa, kama niliyokata kwa gari langu Dar. Mke wangu alinivuta shati akaninong'oneza, "Baba, soma kwanza." Nikaikataa nyongeza, nikatia sahihi kurasa nne bila kusoma hata moja.

Kuendesha hakukunitisha. Kule wanapita kushoto kama kwetu, na Dar hadi Mbeya nimeshaendesha zaidi ya mara kumi. Lami ilitufikisha Rehoboth, tukashika barabara ya C24 kwenda Solitaire na kwenye machuguu ya mchanga ya Sossusvlei. Barabara kuu za B zina lami, lakini C nyingi na karibu D zote ni changarawe. Pikapu yetu ilipakiwa matairi mawili ya spea, nami sikujiuliza kwa nini mawili.

Kabla ya Solitaire tukapishana na lori. Jiwe dogo kama punje ya hindi likagonga kioo cha mbele, likaacha kidoa upande wa mke wangu. Kila tulipopita kwenye mashimo nikawa nakiangalia: kikatoa mstari mmoja, mstari ukashuka, na jioni ulikuwa umefika katikati ya kioo. Kesho yake tairi la nyuma likachanika ubavuni, pale pasipozibika. Siku ya kurudi likachanika la pili.

Kijana aliyepokea gari alilizunguka mara moja, akafungua mkataba ukurasa wa tatu, akaniwekea kidole. Kioo, matairi, rimu na uharibifu wa chini ya gari havimo. Gari likipinduka lenyewe bila kugongana na lingine, halimo. Na hata kwenye ajali inayolipwa, hasara ya mwanzo hadi dola 35,000 za Namibia ilikuwa juu yangu. Wakakata dola 11,200 kwenye amana yangu, ile pesa waliyoishikilia kwenye kadi, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Ilikuwa ada ya mtoto. Nyongeza niliyoikataa ingenigharimu 1,500 kwa siku zote sita. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu yangu, usiulize kama bima imo. Uliza haigusi nini. Uliza kioo, uliza matairi, uliza kupinduka, na uliza ukipata ajali wewe unatoa shilingi ngapi kabla bima haijaanza kulipa. Kama umekata bima ya safari hapa, nyingi ni za hospitali na mabegi, usiitegemee kwa gari. Tena mikataba mingi ya kule inakutaka usizidi kilomita 80 kwa saa kwenye changarawe, na usiendeshe usiku nje ya miji kwa sababu ya tandala na choroa wanaokatiza barabara. Ukivunja sharti, hata bima uliyoilipia inakufa. Ajali ikitokea nenda polisi, maana bila ripoti hulipwi.

Tuna tabia mbaya ya kusaini kwa aibu, kwa kuona foleni nyuma yetu inatusubiri. Foleni isubiri! Atakayelipa ni wewe.

Angalia pia kadi yako. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, na amana yangu ilishikiliwa wiki mbili nzima. Waandikie leo kabla hujalipa, waombe mkataba kamili. Wakikutumia, niletee ule ukurasa wa bima tuusome pamoja.