Maswali ya Wasomaji: Askofu wa Roma katika karne za mwanzo

SWALI: Sisi ni vijana wa makanisa tofauti hapa Nyegezi, tunajiandaa kwa mdahalo kuhusu mamlaka ya Papa. Wenzetu Wakatoliki wanasema barua ya Klementi, anayehesabiwa kati ya maaskofu wa kwanza wa Roma, kwa Wakorintho inamaliza ubishi. Je, inamaliza? — Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Haimalizi, lakini msiidharau. Kabla ya kuifungua, kubalianeni kwanza mnabishania nini, maana hapo ndipo midahalo mingi ya aina hii inapoharibika. "Mamlaka ya Papa" ni madai matatu yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, Kanisa la Roma lilipewa heshima ya pekee. La pili, aliyehukumiwa kwingine aliweza kukata rufaa Roma. La tatu, askofu wa Roma ana mamlaka kamili juu ya kila Kanisa, kama Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano (mtaguso ni mkutano mkuu wa maaskofu) ulivyotamka mwaka 1870. Ushahidi wa dai la kwanza ni mwingi na wa zamani sana. Anayeuleta kana kwamba umethibitisha la tatu anaruka hatua, na anayekanusha la tatu kisha akadhani amelifuta la kwanza anaruka vilevile.

Sasa barua. Kwa kawaida huwekwa karibu na mwaka 96. Wakorintho walikuwa wamewaondoa wazee wa Kanisa waliotumikia bila lawama, na Roma ikawaandikia kuwaonya. Anzeni na salamu: ni Kanisa la Mungu lililo ugenini Roma linaloliandikia Kanisa la Mungu lililo ugenini Korintho. Jina la Klementi halimo popote ndani yake. Tunalipata kwa Dionisi, askofu wa Korintho, aliyeandika karibu na mwaka 170. Msemaji ni "sisi" tangu mwanzo hadi mwisho. Sura ya 44 inazungumzia uaskofu na wazee kana kwamba ni kazi ileile moja. Petro anatajwa katika sura ya 5, ila kama mfano wa uvumilivu pamoja na Paulo. Kiti chake hakitajwi, wala ahadi ya Mathayo 16, "juu ya mwamba huu nitalijenga Kanisa langu".

Upande wa pili nao una nguvu zake. Sura ya 59 inasema wasiotii maneno ambayo Mungu ameyanena "kupitia kwetu" wanajitia katika hatari si ndogo. Roma ilituma wajumbe watatu, na sura ya 65 inawataja kwa majina. Halafu tazameni waandikiwa walifanya nini: Dionisi anashuhudia kwamba miaka kama 70 baadaye barua hiyo ilikuwa bado inasomwa kanisani Korintho. Wazee wa mwalo wa Igombe wakiwaandikia wale wa Kayenze kwamba wamrudishe kiongozi waliyemng'oa, nao Kayenze wakaitunza barua na kuisoma mbele ya watu miaka nenda rudi, hapo heshima ya Igombe haina shaka. Kama Igombe ilikuwa na haki ya kuamuru, hilo linahitaji ushahidi mwingine.

SWALI: Ireneo wa Lyon alisema wazi kila Kanisa lazima likubaliane na Roma. Kwa nini watu bado wanabisha? — Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Kwa sababu ya kitenzi kimoja. Sentensi hiyo imo katika kitabu cha tatu cha kazi yake dhidi ya wazushi, karibu na mwaka 180. Ireneo aliandika Kigiriki, lakini Kigiriki cha sentensi hii kimepotea. Tumebaki na tafsiri ya Kilatini, nayo inatumia neno convenire. Neno hilo linaweza kuwa "kukubaliana na", linaweza pia kuwa "kukusanyika, kuja pamoja". Kwa maana ya kwanza, Roma ni kipimo cha imani. Kwa maana ya pili, Roma ni mji wanakokutana waamini wa kila upande, kwa hiyo mapokeo ya mitume yanalindwa pale na watu wa kila mahali. Nusu ya pili ya sentensi, ambayo wanukuuji huikata, inasema mapokeo yamehifadhiwa humo na wale watokao kila upande. Kwa maoni yetu nusu hiyo inaipa nguvu maana ya pili, ingawa haiui ya kwanza.

Yeyote atakayemnukuu Ireneo aeleze pia alichofanya karibu na mwaka 190. Askofu Viktor wa Roma alitaka kuyatenga Makanisa ya Asia kwa sababu ya tarehe ya Pasaka. Eusebi, mwandishi wa historia ya Kanisa la mwanzo, katika kitabu chake cha tano sura ya 24, anaeleza kwamba maaskofu kadhaa walimkemea, Ireneo akiwa miongoni mwao. Humohumo Polikrate, askofu wa Efeso huko Asia, anakiri kwamba aliwaita maaskofu wenzake kwa ombi la Viktor, kisha akakataa kutishwa. Roma iliomba na ikasikilizwa, ilipotisha, ikapingwa.

SWALI: Ni kweli Mtaguso wa Nisea wa 325 uliruhusu rufaa kwenda Roma? — Msomaji, Bukoba

JIBU: Hapana, na kosa hilo lina miaka 1,600. Padre Apiario wa Sicca, Tunisia ya leo, alitengwa na askofu wake, akakimbilia kwa Papa Zosimo. Zosimo akamtuma mjumbe Faustino akiwa na kanuni za rufaa zilizoitwa za Nisea. Mwaka 419 maaskofu wa Afrika walikusanyika Karthago, wakafungua nakala yao, hawakuziona. Hawakutukana wala hawakukubali tu: walisema watazifuata kwa muda, wakaomba nakala Konstantinopoli na Aleksandria. Maaskofu wa miji hiyo, Atiko na Kirilo, wakawaletea. Kanuni zilikuwa 20, na zile za rufaa hazikuwemo.

Zilikuwa za Mtaguso wa Sardika (Sofia ya leo, Bulgaria) wa mwaka 343. Katika vitabu vya Roma, kanuni za Sardika zilinakiliwa moja kwa moja baada ya za Nisea, na msomaji akazichukua zote kuwa za mtaguso mmoja. Hilo ni kosa la nakala, si lazima ulaghai. Mkatoliki bado ana hoja hapa, maana Sardika kweli ilimpa askofu wa Roma nafasi ya kuagiza kesi ya askofu aliyeondolewa isikilizwe upya, kwa kuheshimu kumbukumbu ya Petro. Mpinzani wake naye ana hoja: Waafrika, pamoja na Augustino, askofu wa Hippo, walithubutu kudai nakala.

SWALI: Augustino alisema "Roma imesema, shauri limekwisha"? — Msomaji, Sengerema

JIBU: Nusu tu. Katika mahubiri yake ya 131, mwaka 417, alisema taarifa za mitaguso miwili zimepelekwa kwenye kiti cha kitume, yaani Roma, majibu yamerudi, shauri limekwisha. Maneno "Roma imesema" waliyaongeza wengine baadaye. Mkiinukuu, msiiache ile mitaguso miwili.