Kolera iko ku avenyu yetu, jirani ananyimwa hata salamu

SWALI: Bonjour yaya. Niko mama wa batoto bane, tunakaa Majengo, Goma. Kolera imeingia nyumba tatu za avenyu yetu na sasa watu banazikimbia, mama moja anauzaga sambaza (samaki ndogo za ziwa) hakuna mutu anamununulia tena. Na vijana benye kutia kloro mu bidoni (madumu ya maji) kule ziwani, banasema eti kloro inafunga kizazi, basi wengi banangoja batoke kwanza njo bachote. Shefu wa avenyu anataka mukutano, watu banaogopa kukaa pamoja. Tufanye nini?

JIBU: Pole sana mama. Nianze na huyo wa sambaza maana ndiye ameniuma. Kolera haishikwi kwa salamu wala kwa kukaa benchi moja, inapita mdomoni, kwa maji au chakula kilichoguswa na choo cha mgonjwa. Tena wengi wenye mdudu huyo hawaharishi kabisa, au kidogo tu, na bado wanamtoa chooni siku kadhaa, kwa hiyo nyumba mnazozikimbia ni zile zinazojulikana tu. Ila nisikudanganye, kama yeye mwenyewe ndiye anaosha mgonjwa, asiuze chakula kwanza, likelemba yenu, kile kikundi cha kuchangiana pesa, imshike mkono juma hili. Ukimtenga na kumwacha na njaa, kesho mwingine ataficha mgonjwa wake, na kolera kali inaua kwa masaa.

Mkutano fanyeni, nje, ndoo ya kunawa na sabuni iwe pale pale.

Kloro haifungi kizazi jamani, miji mikubwa inasafisha maji nayo zaidi ya miaka 100 na watu wanazaa tu. Lakini hilo asiseme mgeni mwenye jile (kizibao cha kazi), aseme mama wa hapo hapo anayekunywa hayo maji na mtoto mgongoni. Mungoje nusu saa kabla ya kunywa. Halafu kuna kitu nimekiona kwa macho yangu, bidoni imetiwa kloro vizuri, imefika nyumbani ikamiminwa kwenye ndoo wazi, mtoto akazamisha kikombe na mkono mpaka kwenye kiwiko, toka chooni hajanawa! Kazi yote ya ziwani imeishia hapo. Acheni maji kwenye bidoni, mumimine.

Vyoo najua ni shida, Goma tumekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba shimo ni vita na choo kimoja kinabeba familia tano. Basi salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya juma hii ianzie huko.

Wazee wanaogopa sababu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa hapa Goma mwezi wa kwanza tu, kolera na kuhara damu. Hofu hiyo naielewa, ila mgonjwa akipata maji ya kutosha mapema, yaani ya kunywa au serumu ya mshipani akizidiwa, anapona karibu kila mara. Akianza tu kuharisha kama maji ya kuoshea mchele, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, msingoje asubuhi. Ongeeni na motari (dereva wa pikipiki) mmoja kuanzia leo, mumwekee pesa ya usiku kwa shefu, na kipande cha plastiki cha kutandika kwenye kiti ili asikatae kumbeba.